Nilivyopeleka Altaneta Busi

Kabla ya yote naomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya milima ya Chenene, na shule yangu iliishia darasa la saba. Pale nilipokosea herufi, msomaji airekebishe kimoyomoyo bila kunitangaza. Naandika polepole. Habari hii imenichukua mapumziko ya mchana ya wiki mbili, na mara tatu nimefuta ukurasa mzima kwa mate na kidole.

Wenzangu wa kijijini kwetu Zuzu, mliponiona nimeshuka na nusu gunia la alizeti mliniuliza nilikuwa wapi. Nikajibu, "Busi," kisha nikanyamaza. Mnanijua. Mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Lakini karatasi hainikodolei macho, kwa hiyo nitaiambia yote, na Mjomba Lameki awasomee dukani kwake. Asiongeze chumvi, maana ipo ya kutosha.

Sababu ya safari ilikuwa altaneta. Kwa asiyejua, hicho ni chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini, nacho hutengeneza umeme wa kuijaza betri ya gari. Magari ya zamani yalikuwa na dinamo. Tangu mambo yawe ruksa, magari yaliyotumika ya Kijapani yameingia kwa wingi, na altaneta zake sasa hupangwa chini pale Dodoma mjini kama viazi. Wenye magari makuukuu wanang'oa dinamo na kufunga altaneta. Ni jambo zuri, likifungwa vizuri.

Fundi anayenifundisha kazi, Fundi Salumu, ni mtu wa mjini hasa. Babu yake alikuja na misafara ya zamani akaona Dodoma panamtosha, na mjukuu naye haendi mbali na karakana yake. Kwa dinamo hana mpinzani. Ana desturi moja ambayo wateja wanaipenda kuliko kazi yenyewe. Akimaliza kufunga, anaiacha injini ikinguruma, anashika spana namba kumi, anangoja watu wasogee, halafu anang'oa waya wa kichwa cha betri. Injini isipozima, maana yake umeme unatoka kwenye dinamo. Watu hupiga makofi, naye huinamisha kichwa kama bwana harusi.

Miezi michache nyuma alifunga altaneta kwenye pikapu ya Mama Zaituni, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Busi, huko Kondoa. Akafanya desturi yake, makofi yakapigwa, mama akaondoka. Tangu siku ile zikawa zinakuja salamu kwa kila dereva apitaye: betri haijai, gari linasukumwa kila asubuhi, Salumu ana nini na mimi?

Siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, Fundi Salumu aliniita.

"Yoeli, utakwenda Busi."

"Mimi?"

"Kuna Yoeli mwingine humu ndani?"

Nikatazama ndani, kwa heshima tu, kuhakikisha.

"Chukua altaneta hii nyingine," akasema. "Jumapili mama anakuja mjini na mzigo, utapanda naye. Jumatatu asubuhi pikapu itakuwa hapa mbele ya karakana, nami nitaiwasha mwenyewe. Ikiwaka bila kusukumwa, ile meza ya pili ni yako. Utapokea kazi kwa jina lako. Ikisukumwa, rudi kwenu Zuzu ukalime uwele."

Sikumwuliza kwa nini haendi mwenyewe. Mama Zaituni ana mdomo, na mdomo huo ulikuwa umemsubiri muda mrefu.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Kondoa. Altaneta niliilaza ndani ya kapu juu ya majani makavu, nikafunika kwa kitambaa, nikaipakata. Tulipopita Makutupora kondakta akagonga kapu kwa kalamu.

"Kuku analipiwa."

"Si kuku."

"Mbona umemtandikia?"

Watu wakacheka. Nilitaka kufunua kapu, lakini nikifunua watauliza ni nini, nikijibu watauliza kinafanya kazi gani, na hapo nitalazimika kuzungumza mpaka Haneti. Basi nikasafiri na kuku wa chuma, na mama aliyeketi karibu nami akanishauri nisimbane sana asije akavunja yai.

Kondoa mjini tulifika saa saba mchana. Nilihitaji waya, nikaenda duka la vipuri la Mzee Kanji, Mhindi mwembamba ambaye miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Nikamwamkia. Akaitikia huku amekwisha kuchungulia kapuni.

"Altaneta. Ya pili?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya kwanza ilikufaje?"

"Sijui."

"Aliyeifunga aliipimaje?" Nikafunika kapu. "Aling'oa betri injini ikiwaka?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vile vile vya jana, lakini nikavitazama.

"Sasa sikiliza," akasema. "Dinamo huvumilia mchezo huo. Altaneta inatapika umeme mwingi, na betri ndiyo tumbo lake. Ukiondoa tumbo ghafla, umeme unarudi kuunguza vidude vyake vya ndani. Havitoi moshi. Vinakufa kimya, na wewe unapigiwa makofi. Mwambie fundi wako."

"Nimwambie mimi?"

"Kwani mimi ndiye ninayekula naye?"

Nilitoka pale na mita sita za waya, pamoja na mzigo mwingine ambao haukuingia kapuni. Ikiwa mzee huyu amesema kweli, fundi wangu ndiye aliyeiua altaneta ya kwanza. Na Jumatatu, mbele ya watu, angeiua na ya pili.

Busi niliingia saa kumi na moja jioni, juu ya lori la chumvi. Mama Zaituni alikuwa uani anapeta alizeti. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akachungulia nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Ahaa. Nimemwambia Salumu alete fundi, kaniletea nusu." Akanitazama tena. "Haya, karibu mwanangu. Nusu nayo inakula."

Nikala ugali na mlenda. Nilikula kama mtu mzima na nusu.

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilitoka nje nikafikiri kuna msiba. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama kimya kuizunguka pikapu. Wanaume, wanawake wenye matenga ya vitunguu, hata mzee mmoja mwenye mkongojo. Dereva, kijana mchangamfu aitwaye Shabani, akageuza ufunguo. Chini ya boneti ikalia *tk*, kama mtu anayesonya. Basi uso wa kila mtu ukafurahi.

"Haya, mikono!" Shabani akapaza sauti.

Mikono ikawekwa, wimbo wa Kirangi ukaanza, pikapu ikasukumwa. Ilipowaka tu, wote wakarukia nyuma wakajaa tele, na safari ya gulioni ikaanza. Mama Zaituni akabaki amesimama vumbini na abiria wawili waliotaka kulipa, wamekosa nafasi.

"Umeona?" akaniambia. "Hapa kijijini ni sheria. Aliyesukuma halipi. Sasa hata asiyekuwa na safari anasukuma, anakwenda gulioni kusalimia, anarudi. Gari linajaa kila siku, nami sina mteja. Shemeji yangu anasema liuzwe chuma chakavu. Mwanangu, nifanyie gari liwake."

Mkuu wa wasukumaji alikuwa Bibi Mwanaidi. Ni bibi mfupi, macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Nilimwona kwa macho yangu jinsi anavyosukuma. Anaweka kidole kimoja juu ya bampa, anafumba macho, anaguna kuliko wote. Waliporudi saa nne akanijia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ndiyo wewe uliyeletwa kututenga na gari letu?"

Masikio yakanipata moto. Nikasema nimekuja kutengeneza chaji tu.

"Mgogo namjua kwa ng'ombe," akasema. "Umeme umeujulia kwenye zizi gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikaingia chini ya gari. Chini ya gari ni mahali pazuri sana kwa mtu kama mimi.

Hapo nikafanya kazi. Nilifungua altaneta ya kwanza, na vidude vya ndani alivyovitaja Mzee Kanji nikavikuta vimeungua, bila moshi wala kelele, kama alivyosema. Nikaifunga ile mpya, nikaukaza mkanda mpaka kidole kikiukandamiza unabonyea kidogo tu. Kisha waya. Zuzu mtanisamehe, lakini hapa lazima nieleze, maana wengi wanakosea hapa.

Waya mnene unatoka kwenye bolti kubwa la altaneta kwenda betri. Huo ndio mto wenyewe. Wengi wakishaufunga huo wanaona wamemaliza, lakini altaneta inakuwa imelala bado. Kuna waya mwembamba unaopitia swichi ya ufunguo na kataa kekundu, yaani taa ndogo iliyo pale mbele ya dereva. Umeme kidogo unaopita kwenye kataa hako ndio unaoiamsha. Upo waya wa tatu, nao mimi nauita mwonjaji. Unaionja betri saa zote na kuiambia altaneta ongeza au punguza. Mwisho unasugua kutu pale inapokaa altaneta mpaka chuma king'ae, ili umeme upate njia ya kurudi.

Nilifunga zote. Wakatusukuma, injini ikawaka, nikapima. Hakuna kitu! Nikapima tena. Nilitamani kurudi chini ya gari nikae huko. Ndipo nikachungulia mahali pa kale kataa kekundu, nikakuta tundu limezibwa kwa ubani uliotafunwa.

"Shabani, taa iko wapi?"

"Ile nyekundu? Niliing'oa. Ilikuwa inawaka safari nzima. Bibi Mwanaidi akawaambia abiria gari limeona damu, wakawa wanashuka kabla ya kufika."

"Uliitupa?"

"Nitupe taa nzima?" Akavua kofia. Taa ilikuwa imeshonewa mbele kama kito.

Nilipoirudisha mahali pake na ufunguo ukageuzwa, ikawaka nyekundu. Injini ilipoanza kwa kusukumwa tena, taa ikazima yenyewe. Taa kubwa za mbele zikang'aa zaidi kila Shabani alipokanyaga mafuta. Nikacheka peke yangu ndani ya boneti. Nikazima kila kitu, nikamwambia Shabani, "Ukienda shamba kuchukua alizeti jioni, betri itajaa. Kesho hutasukumwa." Kisha Mama Zaituni akaniita chakula cha mchana, nami nikaenda nikaacha boneti wazi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamezunguka pikapu kama kawaida. Mimi nikasimama mbele kidogo, nimechana nywele. Shabani akageuza ufunguo.

*Tk.*

"Haya, mikono!" akapaza sauti Bibi Mwanaidi, kabla dereva hajasema. Wimbo ukaimbwa kwa nguvu mpya, nami nadhani jina langu lilikuwemo, maana kila walipofika mahali fulani walinitazama wakacheka.

Mama Zaituni akapiga kofi moja na kuingia ndani. Lile kofi liliniuma kuliko wimbo.

Waliporudi saa nne nilifungua boneti. Waya mbili nyembamba, ule wa taa na mwonjaji, zilikuwa zimechomoka zinaning'inia.

"Shabani, jana jioni kataa kalikuwaje?"

"Hakakuwaka kabisa! Ndiyo nikajua chaji imekubali."

"Ulipogeuza ufunguo, kabla ya injini, kaliwaka kwanza?"

Akafikiri. "Hata hapo hakakuwaka."

Basi. Hako hakakuzima kwa kushiba, kalizima kwa kukatwa. Waya hizo mimi nilizibana kwa koleo, haziwezi kuchomoka zenyewe. Kulikuwa na mkono. Na pembeni yangu, juu ya ukingo wa boneti, nikaona kidoa cheusi pale mwonjaji alipogusa chuma akatoa cheche, maana waya ule una umeme hata gari likilala.

Wakati huo Bibi Mwanaidi akapita, kuniuliza hali ya mume wake. Kwenye pindo la kanga yake palikuwa na tundu dogo la mviringo, ukingo wake umeungua. Alipoona ninatazama, akalikunja pindo lile akalibana kwapani.

"Kanga ya zamani," akasema. "Panya."

"Pole, bibi," nikasema. Nikashukuru Mungu kwa kuniumba mtu asiyejua kusema.

Ningemwambia Mama Zaituni, ugomvi ungeanza na usingeisha Jumatatu. Nikaingia chini ya gari kufikiri. Nilipotoka nilikuwa na wazo ambalo mwalimu wangu wa dini asingelipenda. Waya za kweli nikazipitisha chini, ndani ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikazipaka grisi na vumbi zikafanana na kila kitu kingine. Kisha nikachukua vipande viwili vya waya mwekundu, nikavifunga juu juu mahali pazuri pa kuonekana, kimoja nikakipamba kwa fundo. Vilitoka kwenye bolti lisilo na kazi, vikaenda kwenye bolti jingine lisilo na kazi. Havikuwa na umeme hata wa kumshtua sisimizi.

Nikasema kwa sauti, sauti yangu kubwa kuliko zote maishani, "Shabani! Angalia sana hizi nyekundu! Hizi zikitoka, kwisha!"

Bibi Mwanaidi alikuwa anachambua mboga kivulini. Hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama.

Jioni Shabani alikwenda tena shamba. Safari hii kataa kaliwaka kwanza, kisha kakazima.

Jumapili ilikuwa siku ya kuondoka. Pikapu ilikuwa imepakiwa magunia ya alizeti, nafasi za watu zimebaki chache. Wasukumaji walifika mapema, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na mnada Kondoa. Nilichungulia kwenye boneti. Waya nyekundu zilikuwa zimeng'olewa zote mbili, na lile fundo limechukuliwa. Nikafunga boneti taratibu.

"Mume wangu amekonda," Bibi Mwanaidi akawaambia wenzake. "Kazi ya bure inakondesha. Haya, wekeni mikono!"

Mikono ikawekwa. Watu wakaegemea, miguu ikachimba vumbi, wimbo ukaanza. Shabani akageuza ufunguo, naye hakuwa na imani, niliona alikuwa anapiga mwayo.

Injini ikawaka! Shabani alishtuka akaachia klachi, pikapu ikaruka mbele kama mbuzi, na wasukumaji wote wakabaki wameinama wakisukuma hewa. Watatu walikwenda chini. Mzee wa mkongojo tu ndiye aliyebaki wima, kwa sababu alikuwa na mguu wa akiba.

Mama Zaituni alicheka mpaka akaketi juu ya kinu. Kisha akainuka na kutangaza, "Leo nauli!"

"Tumeligusa!" wakalalamika.

"Mmeligusa limekwisha kuwaka. Sheria inasema aliyesukuma, haisemi aliyepapasa."

Bibi Mwanaidi alikuwa anajikung'uta vumbi. Hakunitukana. Alinitazama tu, akaniuliza polepole, "Sasa likiwaka lenyewe kila siku, sisi asubuhi tutakutana wapi?"

Nikapanda na abiria wanne waliolipa, tukaondoka. Nilitazama nyuma, nao walikuwa wamekwisha kujitwisha matenga wanatufuata kwa miguu.

Mwendo wa nusu saa kutoka kijijini kuna korongo pana la mchanga. Kwa kawaida pikapu ikikwama pale, ishirini wanashuka, inasukumwa, inapita, hata hakuna anayekumbuka. Siku ile ilikwama na wanne: mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wazee wawili, na mfanyabiashara mwenye suruali nyeupe. Tukasukuma. Magurudumu yakazama mpaka kwenye ekseli.

Mama Zaituni akaniuliza, "Fundi, betri yako haiwezi kusaidia?"

"Haisukumi mchangani, mama."

Tukakaa. Jua likapanda. Karibu saa tatu wimbo ukasikika, na wasukumaji wakatokea juu ya ukingo. Walipotuona hawakushuka. Wakatua matenga, wakajipanga ukingoni, Bibi Mwanaidi katikati.

"Fundi!" akaita. "Washa!"

Nikawasha. Ilikubali mara ya kwanza. Ikanguruma vizuri sana, ikazama kidogo zaidi. Walipiga makofi.

Mama Zaituni aligeuza uso. Ni mtu wa sauti kubwa, lakini kuomba hakuwezi. Shabani naye alijifanya anakagua tairi. Nikaona kwamba tusipotoka, Jumatatu itanikuta korongoni na ile meza nitaisikia kwa watu. Ikabidi nipande ukingo mwenyewe, mbele ya watu ishirini.

"Bibi," nikasema, "tunaomba mikono."

"Kwanza useme. Ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu panya."

Akanitazama kidogo, kisha akacheka mpaka akanishika bega asianguke. "Mgogo huyu! Anakaa kimya kama jiwe kumbe amejaa nge!" Akageuka akapaza sauti chini korongoni, "Zaituni! Sheria mpya! Anayesukuma mchangani halipi mpaka Kondoa! Wa gulioni alipe!"

Korongo lote likasikiliza. Mama Zaituni alisimama mikono kiunoni.

"Na kidole kimoja hakihesabiwi!" akajibu.

"Viwili?"

"Viwili sawa!"

Wakashuka wote. Pikapu ilitoka mchangani kana kwamba imefukuzwa. Tuliingia Kondoa tumejaa, na Bibi Mwanaidi alikaa juu ya gunia bora kuliko yote. Aliposhuka mnadani alinipa lile fundo la waya mwekundu. "Tengenezea mwanamke mwingine," akasema.

Dodoma tuliingia jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi pikapu ilikuwa mbele ya karakana. Habari zilikuwa zimetangulia. Walikuwepo madereva, wauza chai, na mafundi wa jirani. Mama Zaituni alikaa kwenye kiti alichopewa, mkoba mapajani. Fundi Salumu alijifuta mikono, akaingia, akageuza ufunguo.

Iliwaka kabla hajamaliza kuugeuza.

"Aaah!" watu wakasema. Mama akaniangalia akatabasamu. Moyo wangu ukatua. Lakini Fundi Salumu alishuka, akafungua boneti, akashika spana namba kumi, na kungoja watu wasogee.

Wakasogea. Akalegeza nati. Injini ilikuwa inanguruma. Nilijua nikinyamaza nitapata meza, na Mama Zaituni atarudi Busi na altaneta iliyokufa kimya. Nikisema, nitakuwa nimemwambia fundi wangu mbele ya wateja wake kwamba ya kwanza aliiua yeye. Mkono wake ukashika kichwa cha betri. Wangu, sijui nani aliutuma, ukashika mkono wake.

"Using'oe, Fundi."

Pale nje hata mwenye birika aliacha kumimina.

"Unasemaje?"

"Dinamo inavumilia. Hii haivumilii. Itaungua ndani." Ulimi ulikuwa umekauka, ukakwaruza, lakini ukaendelea. "Ile ya kwanza ilikufa hivyo. Niliifungua nikaona."

"Kumbe!" akasema Mama Zaituni kutoka kwenye kiti, akaufungua mdomo aendelee. Fundi Salumu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu ambao bado ulikuwa juu ya wake. Nikauondoa haraka.

Akaikaza nati. Akaikaza mara ya pili, taratibu, mpaka ikalia.

"Basi wewe unapimaje?"

Nikamwonyesha. Zima kwanza. Geuza ufunguo, kataa kekundu kawake. Washa, kazime. Washa taa za mbele, kanyaga mafuta, taa zing'ae. Nilifanya yote huku nimeangalia chini, lakini nilifanya. Hakuna aliyepiga makofi, na ukweli ni kwamba upimaji huu hauna uzuri wa kutazama. Watu wakaanza kutawanyika.

Fundi Salumu alimgeukia Mama Zaituni, akasema, "Ile ya kwanza ni juu yangu, dada. Na hii hulipi ufundi." Mama akafunga mdomo, jambo ambalo Shabani anasema hajawahi kuliona. Naye mama akaniachia nusu gunia la alizeti, kisha fundi akaenda ndani kabla yangu. Nikabaki nje nikiwaza uwele. Baada ya kitambo sauti yake ikatoka ndani.

"Yoeli! Meza hii ya pili ina mguu mmoja mfupi. Tafuta kipande cha ubao uje uinyanyue, vitu vyako visije vikaviringika."

Nilichojifunza kwenye safari hii si kingi. Waya mnene peke yake hautoshi, altaneta sharti iamshwe. Kataa kakizima, uliza kwanza kama kaliwaka. Na gari likiwaka lenyewe, usijitape sana, barabara ina mchanga.

Sasa naomba mniandikie. Nasikia hapo Zuzu kuna mtu amenunua gari la Kijapani, na jioni anang'oa betri injini ikiwaka ili watoto wamshangilie. Niandikieni mniambie ni nani, na kama bado linachaji. Nijibiwe hata kwa mistari miwili, mpeni yeyote anayekuja mjini aulize karakana ya Fundi Salumu, meza ya pili. Kama ni Mjomba Lameki mwenyewe, mtu mwingine amsomee mstari huu, halafu aje na gari kabla halijaanza kusukumwa.